Mtandao Ulivyonikutanisha na Mama Mkwe

Haya, ninyi mliojibanza huko nyuma kama mnakwepa sadaka, sogeeni. Na wewe mwenye simu, ilaze kifudifudi, maana ninayosema yanaihusu yenyewe na sitaki isikie. Wanaokunywa, ongezeni maji ya moto kwenye chungu, mirija mdomoni, masikio kwangu.

Wanasema mjini sasa 5G imefika. Mimi sijaiona. Jirani yangu alitoka Sumbawanga juzi, akasema ukisimama pale jirani na stendi unaandika swali, na jibu linaingia kabla hujamaliza kuuliza. Nikamwambia hiyo siyo simu, huyo ni mke wangu.

Binti yangu ndiye aliyenifundisha kwamba hiyo G maana yake kizazi. Kizazi cha pili, cha tatu, cha nne, kama ukoo. Nikamuuliza, "Na cha kwanza kiliishia wapi? Mbona sisi hatukukiona?" Akasema hajui. Mimi najua. Kilikuwa kinakuja na lori kutoka Tunduma enzi zile kabla ya lami, kikanasa kwenye tope, dereva akakiacha akaenda kutafuta jembe, na mpaka leo hajarudi.

Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe. Lakini habari za mtandao naweza kumsimulia hata mkuu wa mkoa, maana kila kizazi kilipopanda huku juu Ufipa, mtu wa kwanza kuteswa nacho nilikuwa mimi. Na sababu ni moja. Sababu ni mama mkwe.

Sisi tuliolelewa zamani, mama mkwe humtazami usoni. Na yeye hakutazami. Siyo ugomvi, jamani, ni heshima. Ukimwona anakuja njiani, unaacha njia. Mimi nilioa Chala, na Chala siku ya gulio watu ni wengi, sasa nitajuaje yupi ni yeye? Nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa mpaka nikazijua nyayo za Wilaya nzima ya Nkasi. Siku moja tukakutana kwenye njia nyembamba, mahindi huku na huku. Nikaona pindo la kitenge chake. Nikaruka kwenye mahindi ya kushoto. Na yeye kwa heshima yake akaruka kwenye mahindi ya kulia. Sasa kila mmoja anamsubiri mwenzake apite. Nawaambieni, tuliingia mahindi yakiwa mabichi, tukatoka yamekauka.

Hata siku ya ndoa, mimi nilikodolea altare macho kama nimepigwa msumari shingoni, na yeye alikaa benchi la mwisho kabisa amejifunika kitenge mpaka puani. Posa yenyewe ilipelekwa na baba yangu mdogo. Basi miaka ikapita, watoto wakazaliwa, wajukuu wake hao, na sura yangu haijui, na yake siijui.

Tulikuwa tunaongea kupitia mtu. Nikienda Chala, mama yuko jikoni, mimi niko nje, ukuta katikati, na mlangoni amesimama shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mama anasema humo ndani, "Mwulize mkwe kama ulezi wake umestawi." Namsikia vizuri kabisa! Lakini siruhusiwi kusikia. Nasubiri. Shemeji ananigeukia, "Mama anauliza kama ulezi umestawi." Nami nasema, "Mwambie umestawi sana." Mama naye anasubiri. Na huyo shemeji ni mtu wa utani kuliko mtani mwenyewe. Anaingiza na yake. "Mama anasema ukija tena usije mikono mitupu, mletee shemeji yako viatu." Ukutani nasikia, "Sijasema hivyo mimi!" Lakini hilo nalo siruhusiwi kulisikia. Nilinunua viatu.

Basi kizazi cha pili kikaja.

Kwetu, huku upande wa Mpui, kilishuka mahali pamoja tu, chini ya kengele ya kigango. Kengele yenyewe siyo kengele, ni rimu ya lori imening'inizwa mtini, katekista anaigonga kwa nondo. Ukisimama chini ya rimu, simu inashika. Ukipiga chafya ukasogea, imekatika. Tukasema ni kile chuma kinavuta. Kigango kikajaa! Katekista alifurahi mpaka akataka kumwandikia paroko kwamba tumeshukiwa na Roho Mtakatifu. Kisha siku moja katikati ya Baba Yetu akasikia mtu nyuma anasema kwa sauti, "Na mbolea uje nayo!" Furaha ikamwisha. Kuna jamaa mmoja aligongewa ile rimu simu ikiwa sikioni. Mpaka leo ukimsalimia anaitika, "Amina."

Mimi nilikuwa na kiswaswadu chenye tochi. Simu ile! Ukiichaji wakati wa kupanda inakutoa mpaka kuvuna. Siku hiyo niko zamu yangu chini ya rimu, watu wamepanga foleni nyuma yangu, simu ikaita. Namba ya shemeji. Napokea, nasikia sauti siyo ya shemeji.

"Mkwe?"

Jamani. Nikapiga magoti pale pale, nikavua kofia nikajifunika uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu mama, na kijiji kizima hivi."

"Mimi nimegeukia ukutani."

"Na mimi nimejifunika uso."

"Vizuri. Haya, tuongee."

Tukaongea! Mvua, mahindi, mguu wake unaomsumbua, wajukuu. Hakuna shemeji wa kutia chumvi, hakuna ukuta. Wale wa kwenye foleni waliniona nimepiga magoti na kofia usoni, wakadhani nimefiwa, wakaanza kunichangia pole. Nilipomaliza nikasimama nikasema mbele ya kigango kizima, aliyetengeneza kitu hiki alikuwa na mama mkwe. Haiwezekani hakuwa naye. Unaongea na mtu humwoni, wala yeye hakuoni. Hiyo ndiyo simu yenye adabu. Wangeishia hapo hapo.

Hawakuishia hapo.

Kizazi cha tatu kikaja na picha. Binti yangu wakati huo ameshahamia mjini, yuko Izia anashona nguo, akatuletea simu ya kupangusa. Kusoma sijui, lakini alama nilizijua. Juu pale kwenye kona kukitokea kama kitana chenye meno matatu, usijisumbue, mtandao umelala. Kikitokea kitu kama ngazi yenye kipago kimoja, hapo harakisha, picha inaweza kupanda. Na picha za siku zile zilikuwa haziji zote. Zilikuwa zinashuka kama mtu anayeshuka mlima na mzigo. Asubuhi unaona nywele. Mchana unaona masikio. Ukitaka kuona viatu, lala, kesho utaviona.

Siku moja niko kwenye turubai la ulezi, mke wangu anapepeta, simu ikalia. Nikapangusa. Picha inashuka kutoka Chala. Kikashuka kilemba. Nikasema, kilemba kizuri. Likashuka paji la uso. Nikajiuliza, hili paji nimewahi kuliona wapi? Nikaangalia pembeni, mke wangu kainama anapepeta, paji ni lile lile! Jamani, mama mkwe anakuja! Nyusi hizo zimeanza kuchungulia. Sikungoja macho. Niliirusha ile simu ikazama kwenye ulezi, nami nikakimbilia nyuma ya nyumba.

Mke wangu akaja. "We baba watoto, umeumwa na nyoka?"

"Mama yako yuko kwenye simu!"

"Si ni picha tu?"

"Ameshafika kwenye nyusi!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa siku nyingi, nikiingia nyumbani, anatoka na simu mkononi, "Kimbia, mama amefika puani." Ndiyo mateso ya kizazi cha tatu hayo. Lakini yalikuwa utani. Kizazi cha nne ndicho kilichotaka kuniharibia binti.

Sikilizeni hapa sasa.

Huyu binti yangu wa Izia, fundi wa nguo, alikuwa amekataa wachumba mpaka mama yake akaanza kumwombea novena. Huyu anakoroma, yule anaringa, yule hanyamazi. Kisha akapata kijana wa ziwani, wa Kasanga, anayepandisha migebuka kuja kuuza mjini. Akampenda. Akipita na ndoo ya samaki, binti anaacha cherehani inajishonea yenyewe. Na kijana alikuwa mtu safi. Mrefu, mpole, kichwa kimejaa nywele, meno yote kamili, tena yamepangwa kama mahindi kwenye gunzi. Mimi nilimkubali. Mke wangu alimkubali. Lakini kwa ukoo wa mke wangu, tangu baba mkwe Mungu amchukue, neno la mwisho ni la mama. Bibi akisema ndiyo, wageni wanakunywa. Akisema hapana, wageni wanaondoka na kiu yao na hawarudi tena, hakuna posa ya pili. Binti alilijua hilo. Alikuwa hali. Alikonda mpaka nguo alizojishonea mwenyewe zikawa zinamtafuta.

Na bibi alishaanza kuguna kwenye simu. "Mtu wa ziwani? Watu wanaotia samaki hata kwenye uji? Huyo nimwone mimi kwa macho yangu."

Binti akasema, "Bibi, nikuletee Chala?"

"Aje Chala kama nani? Hajakubaliwa, akanyage uwanja wangu kama nani?"

"Basi uje wewe kwetu."

"Na huu mguu?"

"Nikutumie picha?"

"Picha haicheki wala haikohoi. Naweza kutumiwa picha ya mtu mwingine. Nataka nimwone anapepesa macho."

Mnaona hapo? Kumwona anataka, kuja hawezi, asiletwe, picha hataki. Watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga wanadhani sisi tunasafiri kwa ungo. Ningekuwa nao huo ungo siku ile, si ningemrusha mama mpaka kwangu na mguu wake? Binti alilia siku nzima. Kesho yake akafuta machozi akasema, "Baba, si kuna 4G sasa. Tutampigia bibi ya video, amwone hai."

Nikasema sawa. Ila mtandao huo wa nne kijijini kwetu ulikuwa na makazi mamoja tu, na makazi yake yalikuwa kwangu, kwenye kihenge changu cha mahindi. Niligundua nikiwa juu naezeka. Nilipofika kipago cha juu cha ngazi, simu mfukoni ikaanza kulia ujumbe wa miaka yote iliyopita, mpaka nikapokea salamu za watu waliokwisha kufa. Basi simu lazima ishikwe pale juu. Na ngazi ile niliiunda mimi, ina vipago vya kuaminika na vipago vya uongo, navijua mwenyewe. Wageni hawawezi kupanda. Binti siku ya posa anakaa mkekani ameinamisha kichwa, hapandi vihenge. Mke wangu yuko na ugali. Ikabaki mimi.

Nikamwambia binti, "Mwanangu, nikishika hiyo simu si nitaonana uso kwa uso na bibi yako?"

"Hapana baba. Wewe utakaa juu ya ngazi, kioo ukiwageuzie wageni. Bibi atawaona wao. Wewe utakuwa upande wa mgongo wa simu."

Upande wa mgongo! Nikafurahi. Mgongo wa kitu hauoni. Mgongo wa ng'ombe unaona? Mgongo wa nyumba unaona? Hakuna mtu aliyeniambia kwamba simu ile ilikuwa na jicho mpaka mgongoni.

Siku ikafika. Jumapili baada ya misa. Wageni wakaja na migebuka ya kukausha kwenye kapu, harufu yake ilitangulia, mbwa wa kijiji kizima wakawa wageni pia. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja wa maneno matamu, anaongea kama anapaka mkate siagi. Kijana akakaa kwenye benchi, mikono magotini, ameinama kwa adabu. Binti mkekani kwa mama zake wadogo. Vyungu vya pombe vimefunikwa kwa majani ya mgomba, hakuna wa kugusa.

Nikapanda. Nikakaa kwenye kipago cha juu, mgongo kwenye kihenge, mikono mbele, kioo kimewaelekea wageni. Upepo wa huku kwetu mnaujua, ulinivua kofia ukaipeleka sijui Zambia. Simu ikaita, Chala wakapokea. Nikasikia sauti ya shemeji, sauti ya juu imewashwa.

"Haloo! Shikamooni wote! Mama huyu hapa, nampa simu. Mama, shika hivi. Unaona?"

Wageni wote, walipoona sura ya bibi pale kwenye kioo, wakainamisha vichwa hapo hapo. Ni mkwe mtarajiwa, nani amtazame? Kijana alitazama vidole vyake vya miguu. Mshenga alitazama kapu la samaki. Binti mkekani kajifunika kitenge.

"Sioni kitu," bibi akasema. "Naona jua na vivuli."

Jua lilikuwa nyuma yao. Shemeji akapiga kelele kutoka kule, "Dada! Mmewasha jicho siyo! Bonyezeni kile kialama chenye mishale inayozunguka!"

Mke wangu akatoka jikoni mikono imejaa unga. Hafiki. Akapindua kinu, akapanda juu yake, akanyoosha kidole. "Hiki?"

"Hicho hicho! Haya, mama anasema anaona sasa. Ongeeni, mimi nakuja, mbuzi ameingia kwenye unga." Tukamsikia anakimbia. Mke wangu naye akashuka akarudi kwenye ugali, unaungua.

Mimi huko juu sina habari. Mimi niko mgongoni kwa simu, nani ananiona? Nilikuwa na bisi za mahindi shavuni, nikaendelea kutafuna. Upepo unanitoa machozi. Inzi akatua puani, mikono yote miwili imeshika simu, nikawa namfukuza kwa kupuliza, hivi, mdomo wa chini mbele, fuu, fuu. Akahamia kwenye upara. Nikawa nachezesha ngozi ya kichwa.

Kule Chala bibi akasema, "Ndiye huyu?"

Mshenga, macho kwenye kapu, akajibu kwa siagi yake yote, "Ndiye mwenyewe, mama. Kijana wetu."

"Kijana?"

"Kijana, mama."

"Mbona mzee?"

Mshenga akashtuka kidogo, akamtupia jicho kijana. Kijana ni kijana. Akasema, "Jua la ziwani, mama, linakomaza ngozi. Lakini ndani ni mbichi kabisa."

"Na huu upara?"

Mshenga akamtazama tena kijana, nywele zimejaa kama shamba la ulezi. Akafikiri, huyu ni bibi, macho yamechoka, asibishiwe. "Ni mtandao, mama. Mtandao ukiwa mdogo unapunguza nywele."

"Na meno? Naona mapengo."

"Mtandao, mama. Picha inakuja inakatika katika."

"Na mbona anatafuna? Anaposa huku anatafuna?"

"Mtandao..."

"Mtandao unatafuna?"

Mshenga siagi ikamwishia. Mimi huko juu moyo unaniuma. Nasema moyoni, huyu mama ana nini? Kijana ametulia kama sanamu ya Yosefu, hatafuni, hana upara, anasingiziwa! Nikamhurumia mpaka nikawa natikisa kichwa kwa uchungu.

"Haya, ona!" bibi akapaza sauti. "Ananitikisia kichwa! Namwuliza maneno, ananitikisia kichwa na kunipulizia mate! Hapana. Sikilizeni wote, hapana. Mjukuu wangu mzuri vile, mnampeleka kwa babu wa namna hii? Afadhali akae na cherehani yake mpaka azeeke."

Jamani, utani uliniisha pale. Binti yangu alishusha kitenge usoni, sikusikia sauti, niliona tu mabega yanaruka. Kijana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, macho yamejaa, akamtazama binti, akainama tena. Mshenga akaanza kukusanya kofia na fimbo yake polepole, kama mtu anayetoka msibani. Mama mmoja akavuta chungu cha pombe nyuma, kisionekane na wageni. Mke wangu alisimama mlangoni na mwiko, ugali unadondoka chini, wala haoni. Nilitaka kusema, "Mama, mtazame vizuri kijana wa watu!" Lakini nitasemaje? Nikifungua mdomo ataijua sauti yangu, na mkwe hambishii mama mbele ya wageni. Nikaumeza huo uchungu pamoja na bisi.

Ndipo tukasikia miguu huko Chala, shemeji anarudi anahema, anamtukana mbuzi. "Haya mama, umemwona? Umemkubali?"

"Nimekataa. Njoo uone mwenyewe walichoniletea."

Halafu shemeji akapiga ukelele, simu ikatetemeka mkononi mwangu. Kicheko gani kile! Alicheka, akakohoa, nadhani alianguka, maana vyombo vilisikika vinamwagika.

"Mama! Mama wee! Huyo siyo mposaji!"

"Ni nani?"

"Huyo ni shemeji! Ndiye baba wa binti! Mama, huyo ni mkweo!"

Macho yote uwanjani yakapanda ngazini. Mimi nikaduwaa, bisi mdomoni, inzi kichwani. Nikaigeuza simu nione kuna nini kwenye kioo, kidole kikagusa ile mishale inayozunguka, na hapo ndipo tukaonana, mimi na mama mkwe, uso kwa uso, macho kwa macho, baada ya maisha yote yale ya kurukia kwenye mahindi. Kilemba, paji, nyusi, na safari hii macho pia. Hata kushuka siwezi, kipago cha pili ni cha uongo. Hata kujifunika siwezi, kofia iko Zambia. Nikasema, kwa sauti ya kifaranga, "Shikamoo mama."

Alinitazama kuanzia upara, akashuka kwenye macho ya machozi, akafika kwenye mapengo, akakaa hapo. Mshenga fimbo mkononi. Binti ameinuka kwa magoti mkekani, viganja vyote viwili mdomoni.

Kisha bibi akashusha pumzi ndefu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Kama huyu tulimpa mwanetu, basi huyo kijana mpeni leo leo, wala msinionyeshe!"